Mama Mkwe Mwenye Masharubu

Daktari wa jeshi pale Tororo nusura anirudishe nyumbani kwa upofu. Macho yangu yalikuwa mazima, na hata kwa uzee huu bado namwona kunguru akiiba dagaa upande wa pili wa uwanja. Ila asubuhi ile tulikuwa tumevuliwa nguo zote, safu nzima ya wanaume, tukisubiri kugongwa vifua na kukaguliwa meno kama ng'ombe mnadani. Nikainua kichwa kutazama foleni imefika wapi, na pale mbele, karibu kabisa na daktari, nikamwona mama mkwe wangu.

Ngoja nieleze kabla hujaanza kucheka. Nilikuwa nimemposa msichana mmoja wa ng'ambo ya mpaka, mwendo mfupi tu kutoka kwetu Masinya. Mpaka wenyewe ulikuwa wa Wazungu. Sisi tulivuka kwenda kuomba moto wa kupikia. Ng'ombe wa kwanza wa mahari walikuwa wamekwisha kwenda, waliobaki nilitumaini jeshi litanipatia. Sasa kwetu, kaka wa mama mkwe naye ni mama mkwe. Ndivyo tulivyofundishwa: mjomba ni mama aliyeota ndevu. Huli mbele yake, humpi mkono, husemi naye uso kwa uso, na kama anaoga, wewe unatafuta njia nyingine hata ikikupitisha kwenye miiba. Ukimwona uchi, mahari yanarudi na ndoa imekufa, maana watoto wa ndoa ya namna hiyo hawakui. Na mjomba wa mchumba wangu, mwanamume mrefu mwenye masharubu yaliyosokotwa kama kamba ya mbuzi, ndiye aliyesimama pale bila hata uzi mwilini.

Niliyafunika macho kwa viganja viwili, upesi, kabla hayajaona zaidi ya kisogo na mabega.

"Vidole vingapi?" daktari aliniuliza zamu yangu ilipofika.

"Sijui, bwana."

Akasogea. Akauliza tena. Nikasema tena sijui. Daktari akatikisa kichwa kwa huzuni. Hapo Mteso mmoja mnene, wa kabila jirani la Wateso, aliyekuwa nyuma yangu akaangua kicheko.

"Bwana, huyu si kipofu," akasema. "Huyu iko na haya. Mkwe yake iko hapa, uchi. Toa ile mzee, huyu tahesabu vidole yote mpaka ya miguu."

Mkwe akapelekwa nyuma ya turubai kuvaa, nami nikahesabu vidole vizuri nikapita. Mteso yule hakuniacha tena mpaka vita vilipokwisha. Alisema mtu wa kuchekesha kama mimi hapatikani bure.

Siku ya kupanda treni, mchumba wangu alikuja stesheni na mama yake. Mama alisimama mbali kwa heshima, akinipa mgongo. Binti alinijia akiwa na karanga ndani ya kitambaa, na badala ya kulia kama wasichana wengine alinitazama kwa jicho la mtu anayempa mchungaji ng'ombe wake.

"Mjomba ni mmoja tu," akasema. "Mama hana ndugu mwingine. Ukirudi peke yako, usipite kwetu."

"Na nikirudi naye?"

"Basi urudi naye na adabu yako. Nisije nikasikia mmekula sahani moja."

Nilipanda treni nikiwa na kazi mbili, na sikuona bado kwamba zinaweza kugombana. Nilidhani Mjapani ndiye tatizo.

Jeshi halijui ukwe. Tulipofika Burma, baada ya meli, mafunzo na mvua ambayo sijaiona tena maishani, niligundua kwamba mkwe amekuwa koplo, na koplo huyo ni wa seksheni yangu. Yaani mama mkwe wangu ndiye wa kuniamuru nilale, niamke, nichimbe, nifyatue. Na handaki tulilopewa lilitutosha watatu: mimi, yeye, na Mteso katikati kama ukuta.

Tukautumia ukuta huo. Mkwe hakusema na mimi, alisema na Mteso.

"Mwambie huyo kijana asafishe bunduki."

Mimi nimekaa pale, naweza kuigusa kofia yake, na nimesikia kila neno. Lakini nilisubiri kwa adabu mpaka Mteso ageuke.

"Koplo nasema bunduki yako iko chafu kama mdomo ya fisi. Safisha."

"Hajasema fisi," nilinong'ona.

"Mimi naongeza chumvi. Kazi ya bure haina ladha."

Haikuwa kazi ya bure hata kidogo. Alitutoza sigara, kwangu na kwa mkwe pia, na siku za mashambulizi alipandisha bei. Tukiwa tumelala kifudifudi na mizinga inapasua miti juu yetu, mkwe alipiga kelele, "Mwambie ainamishe kichwa!" na Mteso akajibu, "Kwanza sigara, koplo!" Nilikwisha inama zamani, bila shaka. Adabu ni adabu, lakini kichwa ni changu.

Kula kulikuwa shida kubwa zaidi. Mkwe alikula akitazama mashariki, mimi nikitazama magharibi, na katikati yetu tulitundika shuka la mvua. Afisa wetu, Mzungu kijana mwenye pua iliyobabuka kwa jua, alipita siku moja akalikuta. Aliuliza ni la nini. Mteso akamweleza kwamba upande huu anakula mkwe na upande huu anakula mkwe. Afisa alifikiri kidogo, akasema kwamba yeye pia ana mama mkwe kwao, na angefurahi sana kama kungekuwa na shuka. Kuanzia siku ile aliliheshimu. Alilizunguka kama mlango wa nyumba ya watu.

Sitaki udhani vita vilikuwa kicheko. Tulizika watu wa Buteba, wa Nabuyoga, wa mahali ambako jina lake hatukuweza hata kulitamka. Ruba walituingia viatuni tukamwaga damu kama maji. Usiku nilimsikia mkwe akiomba taratibu, akiwataja watu wa nyumbani mmoja mmoja, na alipofika kwa mpwa wake, mchumba wangu, alikawia. Mara moja, baada yake, alinitaja mimi. Nilijifanya nimelala. Nilifurahi vibaya sana, kama mtoto aliyesikia akisifiwa nyuma ya mlango.

Kisha Mteso akaugua malaria, wakambeba kwenda hospitali akiimba habari za ajon, ile pombe ya ulezi wanayoinywa kwa mirija mirefu kwao. Ukuta wetu ukaondoka. Tukabaki wawili katika handaki, na kimya.

Asubuhi yote hatukusema. Mchana mkwe akakohoa, akalichukua kopo tupu la nyama, akalisimamisha pale alipokuwa akikaa Mteso.

"Wewe kopo," akaliambia, "mwambie huyo kijana kuna mtu anatambaa kwenye ule mwanzi."

Nami, Mungu anisamehe, sikufyatua kwanza. "Kopo," nikasema, "mwambie mkwe nimesikia." Ndipo nikafyatua. Yule mtu wa kwenye mwanzi naye akafyatua, na risasi yake ikapita katikati ya kopo, likaruka nje ya handaki likilia kama kengele.

Tukatazamana. Yaani, tulikaribia kutazamana. Mimi nilitazama masharubu tu.

"Tafuta kopo jingine," mkwe akasema, akiutazama udongo.

Nilitafuta. Tulizungumza na makopo wiki nyingi, na kusema kweli yalikuwa wakalimani waaminifu kuliko Mteso, wala hayakuvuta sigara.

Sasa nifike kwenye mto.

Mkwe alikuwa mtu wa usafi. Wengine tuliridhika kunuka, maana Mjapani naye alinuka, ikawa sare. Yeye hapana. Siku kulipotulia, na afisa akasema upande ule umesafishwa, alitaka kuoga mtoni kama binadamu. Kanuni ya jeshi ni kwamba anayeoga lazima awe na mlinzi. Mlinzi aliyekuwepo alikuwa mimi.

"Kopo," akasema, "mwambie alinde. Na mwambie atazame wapi."

Haikuwa lazima kuniambia. Nilisimama ukingoni na bunduki yangu, imara, macho makali, nikitazama msitu tuliotoka. Mgongo wangu ulikuwa mtoni. Hakuna mlinzi aliyewahi kulinda upande wa nyumbani kwa makini kama mimi siku ile. Askari wa kabila lolote lingine duniani angetazama maji na ng'ambo ya maji, maana adui angetoka huko. Sisi wawili, mzee mzima na kijana mwenye akili zake, hatukuliwaza jambo hilo hata kidogo. Tuliwaza adabu. Nilimsikia akijipaka sabuni na kuimba wimbo wa kupalilia mtama.

Mlio ulitoka ng'ambo. Wimbo ukakatika.

Niligeuka nusu, nikajizuia. Nikafyatua juu ya bega kuelekea ng'ambo bila kutazama, risasi zote nilizokuwa nazo, na nadhani niliua majani mengi. Huko kukanyamaza, aliyepiga alikuwa peke yake, akakimbia.

"Mkwe!" niliita. Nililia moja kwa moja, bila kopo.

"Paja," akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Usigeuke."

"Mnatoka damu?" nikamuuliza, kwa wingi wa heshima.

"Natoka. Usigeuke. Nenda ukaite watu."

Watu walikuwa mbali, juu ya kilima. Niliyasikia maji yakimchukua kidogo kidogo, na niliiona damu yake, maana mto ulipinda na kuileta mpaka miguuni pangu. Nikawaza stesheni ya Tororo. Nikirudi peke yangu, nisipite kwao. Nikimgusa hivi alivyo, nisipite kwao pia. Zile kazi mbili zilikuwa zimekutana mtoni na kila moja inanivuta mkono wake. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa Mjapani.

Kisha nikaingia majini kinyumenyume.

Nimevuka mito mingi maishani, lakini huo ndio pekee nilioingia kwa makalio. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua, nikiteleza juu ya mawe, nikitazama ukingo, mpaka nikagusa goti lake kwa kisigino. Nikachuchumaa, maji yakanifika kifuani.

"Pandeni," nikasema.

"Siwezi. Wewe ni mkwe wangu."

"Pandeni, mzee. Sijaona kitu."

"Utaniharibia mpwa wangu."

"Mkifia hapa nimemharibia vilevile!"

Sikuwahi kumpigia mkubwa kelele kabla ya siku ile. Halafu nikaisikia mikono yake ikinizunguka shingo, na masharubu yenye maji yakinigusa sikio, na uzito wake wote ukashuka mgongoni mwangu kama gunia la mtama lililonyeshewa.

Nilipanda naye kilima kile. Alinilaani, akaniomba radhi, akanilaani tena. Damu yake ilikuwa ya moto na ilinitiririkia mpaka ndani ya viatu. Pale njia iliposimama wima alisema, wazi kabisa, sikioni mwangu, "Usiniangushe, mwanangu." Nilimpenda. Nasema hivyo bila haya sasa. Nilimpenda mtu yule wakati ule kuliko hata binti niliyemfuatia posa. Tulipofika juu nilimlaza nyuma yangu bila kugeuka, nikavua shati nikalitupia nyuma kwa kubahatisha. Wakamwahisha hospitali. Hatukuagana.

Vita vikaisha. Mteso alipona, tukarudi pamoja. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu mwenye lori alitutoa Tororo mpaka Busia, akakataa nauli, ila alitaka kila mtu amsimulie uongo mmoja wa vita njiani. Mteso alimsimulia mwingi, wa kutosha kurudi nao mpaka Tororo. Mimi sikuwa na hata mmoja. Nilikuwa nimesikia kwamba mkwe yu hai na amefika kwao na mkongojo, na nilikuwa nimesikia vilevile kwamba habari zangu zimenitangulia. Kijana mmoja wa kwetu, aliyerudi mapema, alikuwa ameisimulia hadithi yote kwenye pombe: fulani alimbeba mkwe wake uchi, mchana kweupe.

Kwa hiyo hawakunipokea kwa vigelegele. Niliitwa ng'ambo, uani kwa baba wa mchumba wangu, mbele ya wazee wao. Nikaketi mwisho wa uwanja kama mshtakiwa. Mchumba wangu sikumwona, ila mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo, na palikuwa na kidole gumba cha mguu pale kizingitini nilichokifahamu. Ng'ombe wangu wa kwanza walikuwa wamekwisha fungwa kamba, tayari kurudishwa.

Mkwe akaja akichechemea, akaketi akinipa ubavu. Shangazi wa binti, mwanamke mkali kuliko sajini wetu, ndiye aliyeuliza.

"Ni kweli uliumia ukiwa unaoga?"

"Ni kweli."

"Nani alikutoa majini?"

Mkwe alisokota masharubu, kushoto, kisha kulia. Nilitazama ardhi.

"Nyumbu," akasema.

"Nyumbu ni nini?"

"Ni mnyama. Baba yake punda, mama yake farasi. Jeshi lilikuwa nao kwa kubebea mizigo. Mmoja aliingia mtoni akanibeba mpaka juu."

Kukawa na minong'ono. Mteso, niliyekuja naye anisindikize kwenye kesi yangu, akasimama bila kuulizwa.

"Ni kweli. Mimi najua ile nyumbu," akasema, ingawa siku ile alikuwa hospitali. "Ilikuwa nyumbu mbaya sana ya sura. Na kichwa ngumu. Lakini mgongo nzuri."

"Mnyama huyo alisema chochote?" shangazi akauliza, na sijui mpaka leo kama alikuwa anacheka.

"Alinipigia kelele mara moja," mkwe akasema. "Nilimsamehe."

"Na huyu mkwe wako alikuwa wapi wakati huo?"

"Alikuwa ametazama upande mwingine," mkwe akajibu, "tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana mwenye adabu kama huyo sijamwona."

Shangazi akaagiza ng'ombe wafunguliwe kamba, warudi malishoni. Kile kidole gumba kizingitini kikaondoka, na ndani ya jikoni nikasikia sufuria likianguka.

Siku ya harusi mkwe alileta zawadi ambayo hakuna aliyeielewa: mzigo wa majani mabichi, umefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba. Akauweka langoni kwangu akaondoka bila neno. Mwaka uliofuata akaleta tena, na uliofuata. Watoto wangu walikua wakijua kwamba babu wa ng'ambo huleta majani baada ya mvua, kama vile wengine huleta asali. Mimi niliwapa ng'ombe. Hatukusemezana uso kwa uso hata siku moja tena. Akitaka kunisalimu alimwambia mbwa wangu, nami nilimjibu mbwa. Mke wangu hakuuliza kitu, nami sikumwambia kitu. Nilidhani namficha.

Mkwe alikufa kabla bendera ya Mwingereza haijashushwa, msimu wa mvua kubwa. Nilikwenda na fahali wangu kama inavyompasa mkwe, nikaketi nje ya ua, mbali, maana mkwe haukaribii mwili wa mama mkwe. Nilikuwa nimeshika kitambaa usoni, na sikuwa nikijifuta mvua. Kaburi lilichimbwa mteremkoni. Njia ilikuwa tope tupu, na vijana waliobeba jeneza waliteleza, wakasimama, wakateleza tena. Jeneza likainama. Wanawake wakapiga yowe.

Ndipo mke wangu akatoka katikati yao. Alisimama mahali ambapo wote walimwona, amelowa, akanitazama kwa jicho lile lile la stesheni.

"Mwiteni yule nyumbu," akasema. "Anaijua kazi yake."

Shangazi, ambaye sasa alikuwa kikongwe na fimbo, ndiye aliyesogea wa kwanza kunipisha njia. Kumbe mjomba alikuwa amemwambia mpwa wake kila kitu, siku ile ile aliyorudi na mkongojo, na shangazi alikuwa chumba kile kile.

Nilivua viatu. Nikaenda mpaka karibu, nikawapa wote mgongo, nikashuka kwenye tope kinyumenyume, taratibu, mpaka mbao zikanigusa bega.

"Pandeni, mzee," nikasema.

Alikuwa mwepesi kuliko siku ile.